Yule Muzee Ulisema Anaua Filme

Riziki, mutoto yangu wa kwanza,

Usifikiri ni mama yako njo ameandika hii barua kiisha akaweka jina yangu. Ni mimi mwenyewe, na mukono yangu. Nilifika darasa ya ine ya primeri tu, ju baba yangu alinitoa nikachunge ngombe, lakini siku mwalimu alikuwa anakosa sauti, mimi njo nilikuwa nasomea wengine. Kama herufi zinalala pembeni, inamisha kichwa usome. Nimeanza tangu mvua ya mchana ilikatika. Niko hapa ku mulango ya jikoni, na mama yako anapita na sanduku yako, anarudi nayo, anapita tena, ananitazama sawa vile askari wa bariera.

Habari ya nguo, habari ya kusalimia shangazi yako ku Goma, ya kuvaa pulover ku moto, ile pikipiki itakubeba, hiyo mama yako amesha kukuambia mpaka umechoka. Mimi sina neno ku hiyo. Mimi nakuandikia ju niko na kasirani na wewe, na kesho moto inakuya kukuchukua, na leo asubuhi nilimuambia mama yako mbele yako: "Mimi huyu mutoto simuwekee mikono." Ulisikia. Ukaingia ndani. Kwetu mutoto hatoke ku nyumba kwenda mbali bila baba kumuwekea mikono mbili ku kichwa na kumuombea. Babu yako aliniwekea hata siku ile tulikuwa tunakimbia masasi ya bunduki. Watu wanalia, "Muzee, haraka!" Yeye akaenda na sala yake polepole mpaka amina. Basi ujue kile nakukatalia iko kitu kubwa. Sikatae ju ya muchezo.

Ngoja niseme vile ilianza. Wewe ulielezea watu wote wa internet, mimi bado sijasema.

Kiangazi ile ingine, wale vijana wa kamera walitoka Goma wakakuya hapa Karuba kutengeneza filme. Wewe ulikuwa ku masomo Masisi, hukuwaona. Mukubwa wao, Olivier, ule wa kofia, alizunguka kijiji nzima anatafuta muzee wa kucheza baba. Alijaribu jirani yetu Papa Shukuru, akashikwa na kikohozi. Alijaribu katekista, akaanza kuhubiri. Kiisha akanikuta mimi ku barabara nabishana na Fiston, motari wa kupakia watu, ju alilowesha gunia yangu ya maharagi, akasema, "Huyu! Huyu hapa njo baba!" Sikuomba. Walinitafuta. Na ile seni, ile sehemu ya filme ya kuuzisha ngombe, pale naishika ku pembe kiisha naiachilia, Olivier hakunirudilisha hata mara moja. Alisema, "Papa, wewe ulizaliwa na hii kazi." Watu wengine walirudia mpaka jua ikazama.

Wewe ukarudi, ukaona filme ku telefone yako, ukanyamaza. Mimi nilingoja. Nilikaa ku meza nikikohoa, nikafikiri: mutoto atasema kitu. Apana. Ulisema "Papa, niongeze sombe." Kumbe ulikuwa umesha sema, lakini ulisema kwa watu wengine.

Nilikuya kuona ku soko. Fiston akanipigia kelele toka ngambo ya barabara: "Papa Riziki! Kuya uone, binti yako amekuchinja bila kisu!" Akashika telefone mbele ya macho yangu, na watu nyuma yangu wakajipanga sawa vile ku misa. Na mimi nakuona wewe. Umekaa ku kitanda nilikukatia mimi mwenyewe, nyuma yako inaonekana ukuta ya mbao ya hii nyumba, mupaka na ile pahali mvua inaingiaka. Unasema na sauti muzuri, sikatae, sauti ulitoa kwangu: "Kuna muzee moja mule ndani, njo anaua filme. Anapiga kelele sawa vile anafukuza mbuzi mu shamba ya muhogo. Na pale sisi wote tunangoja kuumia, pale baba analaani kijana yake, yeye anafunga uso, anatikisa kidole, kiisha anasema 'Mungu akulinde'. Nilicheka mpaka nikaanguka chini."

Watu wa soko nao wakaanguka chini.

"Papa, mbuzi zimeenda wapi?" Fiston aliniuliza.

Nikamujibu: "Moja ndiyo hii inaendesha moto."

Kiisha akaanza kunisomea komantere, yale maneno watu waliandika chini. Ile sura ya manjano yenye kulia na kucheka, ziko sawa vile unga ilimwangika. Moja anasema nirudishwe mu shamba. Sawa, nilisharudi, na shamba inaonekana. Mwingine anauliza, "Huyu muzee walimutoa wapi?" Na chini yake uko wewe. Jina yako, picha yako na kilemba ya mama yako ku kichwa. Umejibu: "Hata mimi sijui walimuokota wapi."

Soma tena ile neno yako, Riziki. Mimi nilimuomba Fiston anisomee mara ya pili, na mara ya pili yeye mwenyewe hakucheka. Akafunga telefone akasema, "Papa, tuende, nitakupandisha bure." Nikakatala. Nilipanda mulima na miguu yangu. Jogoo ya Petro haikuwika, ilikuwa saa ya soko, lakini mimi nilijua nimesikia kitu gani.

Na sasa hii yote inakubeba. Wale watu wa redio ku Goma waliona ile video, wakasema huyu musichana anajua kusema, akuye kila juma atuambie filme gani iko muzuri, wimbo gani iko mubaya, kitabu gani tusome. Kwa hiyo ulinipanda mimi sawa ngazi. Ni sawa, mugongo yangu ilibeba vitu kuliko wewe. Lakini muntu akipanda ku mugongo ya mwingine, atazame chini kidogo aone ni nani.

Jana ulinijibu, "Papa, sikusema ju yako wewe. Nilisema ju ya personaje, ule muntu wa hadisi." Nikatoka inje, ju ningebakia ningesema neno mubaya. Personaje hana kikohozi yangu. Personaje hakuvaa ile koti nilivaa siku ya ubatizo yako. Usinifundishe neno ya Kifaransa ya kujifichia.

Sasa nikuambie ile kitu hukuniuliza. Ungeniuliza ku meza, na sombe yako mu kinywa, ningekuambia.

Olivier alikuwa ameandika laana ku karatasi. Laana ya kweli, yenye kutoka ndani, sijui ni nani alimufundisha. "Tumbo yako isizae, mbegu yako ioze, barabara ikukatae." Na ule kijana wa kulaaniwa, wenye kucheza mutoto yangu, alikuwa Justin. Justin wa Mama Zawadi, pale chini ku muto. Unamujua, mulichota maji pamoja. Baba yake alibakia ku barabara wakati tulikimbia mara ya mwisho, na hawakumuzika. Basi wewe mutoto wa Karuba, uniambie. Muzee akisema laana juu ya kijana mbele ya watu, ni nani anaitoaka? Ni baba ya ule kijana, anakuya na maji, anaomba. Na Justin ataleta baba gani?

Nilimuambia Olivier, "Hii neno siseme."

"Papa, ni filme tu. Siyo kweli."

"Kinywa yangu iko ya filme? Hizi meno ni za filme?"

"Papa, tusemee hata nusu."

"Nusu ya laana iko laana."

Watu wa kamera wakaanza kucheka polepole. Justin alikuwa amepiga magoti mu majani, jasho inamutoka, hacheke. Alinitazama. Mimi niliona vile alikuwa anangoja kama nitasema ao sitasema. Kiisha jua inaenda, Olivier anashika kichwa, anasema, "Sawa, fanya uso ya laana, useme kile unataka, nitatengeneza sauti nyuma, kamera zikifungwa." Basi nikafunga uso. Nikatikisa kidole. Na kinywa ikasema, "Mungu akulinde, akufungulie njia." Olivier hakuweza kutengeneza nyuma, sijui ju ya sauti, sijui ju ya feza. Njo ile uliona ukacheka mpaka ukaanguka.

Sikuambie hii ili unihurumie. Kama unaanza kunihurumia, weka karatasi chini uende kusaidia mama yako. Ile seni iko mubaya. Hata Olivier alisema, "Papa, umeniulia filme," na nikamujibu, "Filme itafufuka, mutoto wa wenyewe hapana." Muntu wa Kinshasa akicheka, sawa, yeye hajui. Muntu wa Goma, pengine. Lakini wewe! Wewe ulikuwa na macho ya kuona. Ulikuwa unaona baba yako anasema baraka na uso ya laana, na hukujiuliza hata dakika moja: huyu muzee, mwenye sijamuona hata siku moja akisema kitu asichotaka, kwa nini leo anasema hivi? Uliona mbuzi tu.

Hii njo inanichukiza ku hii kazi yenu ya internet. Muntu anasikia wimbo nusu, ku sikio moja, sikio ingine anamusikiliza mama yake, na amesha hukumu. Anasoma kitabu mpaka ukurasa yenye alichoka, anasema kitabu iko ya kuchosha. Kiisha wote wanakimbilia pahali moja, wa kusifu wanasifu, wa kutukana wanatukana, na kesho wamesahau, lakini mwenye alitengeneza ile kitu anaamka nayo. Hakuna mwenye anasimama mbele ya mwenye kazi. Wako mbali, wako ku kitanda. Na kitanda ingine ilikatwa na baba yao.

Mimi pia nilitoaka mawazo yangu, usifikiri nyinyi njo mulianzisha. Wakati nilikuwa kijana, korali ya Nyabiondo ilikuya kuimba hapa ku sikukuu, na mukubwa wao alikuwa ametunga wimbo murefu, beti baada ya beti, mpaka mvua ilianza ikaisha. Watu wote wakapiga mikono. Mimi nikaenda mbele yake ku mulango ya kanisa nikamuambia, "Papa, wimbo yako iko na wimbo ingine muzuri ndani, lakini umeifunika na majani. Kata." Akakasirika sana. Msimu nzima wa maharagi hakunisalimia. Tukikutana ku kichochoro, yeye anatazama mulima. Kiisha siku moja akafika hapa na miguu, toka Nyabiondo, matope mpaka ku magoti, akasimama pale ku uwanja akasema, "Sikiliza sasa." Akaimba peke yake. Ilikuwa fupi. Nilitoa machozi, na mimi siyo muntu wa kutoa machozi. Uniambie, kati ya wale wa sura ya manjano, ni nani muntu atatembea na miguu kumurudilia?

Na nikuambie pahali nilishindwa, ju najua utauliza. Shemeji yangu wa Bihambwe alikuwa anachora. Alichora Yesu ku ukuta ya kanisa, akaniita nione. Mikono ya ule Yesu ilikuwa sawa vile vichala viwili vya ndizi. Lakini alikuwa shemeji, na nilikuwa nimekula kuku yake, nikasema, "Shemeji, iko muzuri sana, iko sawa anataka kusema." Basi akapata nguvu. Akachora kanisa ingine, na ingine. Leo ukitoka hapa mpaka Bihambwe, kila pahali Bwana wetu anabariki watu na ndizi, na mimi nikiingia kusali nafunga macho mbele wengine hawajafunga. Ile ni kazi yangu. Kwa hiyo ku redio watakuletea kuku. Watakuja na soda, na mega za internet ya telefone, na "dada Riziki, sema neno kidogo ju ya wimbo yetu." Kula kuku kama uko na njaa. Kiisha sema ile mikono iko ndizi.

Usifikiri nataka useme vitu tamu. Mama yako anafikiri hivyo, ananiambia, "Papa Riziki, mutoto aombe musamaha, afute ile video, iishe." Nimekatala. Sitaki musamaha. Musamaha ya haraka ju moto inangoja iko bei rahisi. Na usifute! Kama nitasikia umefuta, nitakukasirikia mara mbili, ju utakuwa umesema kitu kiisha ukaikimbia, na sisi hatukimbie maneno yetu, tulikimbia vitu vingine. Ulisema nimecheza mubaya. Simama hapo. Mimi nabakia kusema seni ya ngombe hakuna muntu Goma nzima anaweza kuifanya, na wewe hukuisema hata na neno moja, na hiyo ni wivu ao upofu, uchague.

Na habari ya Justin, hiyo usiandike. Usije na akili yako ya redio ukafikiri, eh, nimepata hadisi muzuri, watu watalia. Apana. Mama Zawadi hataki jina ya mutoto yake itembee ku telefone za watu, na baba yake ya kufa hataki pia. Hiyo nimekupa wewe tu, ujue wakati ingine utaona muntu anafanya kitu kisichoelekea, ungoje kidogo mbele ya kucheka. Wachache tu watakuwa na sababu. Wengine watakuwa wabaya kweli, na hao uwaseme.

Kile nataka iko kitu moja. Pale chini, pale yule muntu aliuliza walinitoa wapi, na wewe ukasema hujui. Pale utajibu tena. Uandike: "Huyu muzee anaitwa Bonifasi wa Karuba. Ni baba yangu. Alicheza mubaya." Tu hivi. Usiongeze moyo, usiongeze sura ya kulia, usiandike ati unanipenda. Watu wakicheka, wacheke tena, lakini wacheke wakijua mimi niko wa nani na wewe uko wa nani. Naweza kubeba kucheka kwa kijiji nzima. Nimebeba vitu vizito, nimebeba wewe na homa toka hapa mpaka Mushaki mu matope, na ulikuwa tayari mutoto muzito. Kuokotwa njo siwezi.

Mutandao iko ku kilima ya Papa Shukuru, pale ku jiwe, unajua. Moto ya Fiston itafika mbele ya jua kupanda, nimemuambia angoje, na yeye akijifanya ana haraka, nitamukumbusha gunia yangu. Upande kule, uandike, uteremuke, uniletee telefone nisome mimi mwenyewe. Mama yako asinisomee, anaongezaka maneno.

Niko hapa ku mulango. Ukileta, nitakuwekea mikono mbili na nitaomba sala nzima, hata kama unafika Goma na usiku. Usipoleta, siwezi kukuacha uende na kichwa wazi, mimi siyo munyama. Nitakuwekea mukono moja. Ya pili utarudi kuichukua siku utaandika.

Ni mimi,
Bonifasi, baba yako.